Kati ya kuchua na kuchuna

Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwenye simu kwamba natoka kufanyiwa chuna, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wamekuchuna nini tena, mwanangu?"

Nilikuwa Daejeon, Korea Kusini, mwaka 2022, mwanafunzi mwenye kiuno kilichogoma kunyooka baada ya kushusha maboksi ya vitabu kutoka ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Mama alikuwa Tanga, na kwake anayechunwa ni mbuzi. Ikabidi nimweleze: neno ni la Kikorea lenye asili ya Kichina, "chu" ni kusukuma, "na" ni kushika, na kazi yenyewe ni daktari kukusukuma na kukuvuta viungo kwa mikono yake. "Ah," akasema, "kumbe ni kuchua. Si ungesema."

Herufi moja tu inayatenganisha maneno hayo mawili, na kwa muda wote niliokaa kule sikupata njia fupi zaidi ya kuieleza tiba hii. Kuna mgonjwa anayechuliwa akapona, na kuna anayechunwa. Wote wawili wamelala kwenye kitanda kimoja.

Naandika haya kwa sababu vijana wetu wanaokwenda kusoma Korea wananiuliza, na kwa sababu video za shingo zinazolia "ka!" zimejaa kwenye simu za kila mtu, na mtazamaji anaishia kutamani na yake ilizwe. Kwanza tujue tunachokitamani.

Neno la kwanza kumpotosha mgeni ni "jadi". Kukanda mwili kwa ajili ya tiba ni jambo la kale Korea, kama lilivyo la kale kila mahali penye watu na migongo. Lakini chuna inayotolewa leo kwenye kliniki za Seoul au Busan haikushuka moja kwa moja kutoka kwa mababu. Madaktari wa tiba ya Kikorea waliiunda upya mwishoni mwa karne ya 20, wakichanganya tuina ya Wachina, inayoandikwa kwa herufi zilezile, pamoja na seitai ya Wajapani, na mbinu za Wamarekani za kushughulikia uti wa mgongo, yaani kairopraktiki na osteopathi. Kitanda nilicholazwa kilikuwa na vipande vinavyopanda na kushuka. Daktari akikandamiza, kipande kilicho chini ya nyonga kinadondoka kidogo kwa kishindo, nawe unadhani umevunjika. Kitanda cha namna hiyo ni cha wakairopraktiki wa Marekani. Sina ugomvi na mchanganyiko. Hata pilau yetu ina viungo vya watu. Nina ugomvi na mtu anayetaja maelfu ya miaka pale unapomuuliza swali.

Anayeitoa kihalali ni hanuisa, daktari wa tiba ya Kikorea. Korea Kusini ina mifumo miwili ya udaktari, ule wa kisasa na ule wa Kikorea, yote ikitambuliwa na sheria tangu mwaka 1951. Hanuisa husoma miaka 6 na ana leseni ya serikali, kwa hiyo ukimwita mganga wa kienyeji unamkosea heshima. Hata hivyo haandiki dawa za upande wa pili, na mipaka ya vifaa vya uchunguzi anavyoruhusiwa kutumia imekuwa vita ya mahakamani kwa miaka mingi. Desemba 2022 Mahakama ya Juu ilisema hanuisa kutumia altrasaundi si kosa la jinai. Kesi iliyozaa uamuzi huo inatisha ukiisoma kwa macho ya mgonjwa: mwanamke alipimwa kwa altrasaundi na hanuisa wake mara 68, na saratani ya mji wa mimba haikugundulika. Mahakama ilikuwa inajibu swali la kama kifaa kile kiliruhusiwa. Mgonjwa angekuwa na swali jingine kabisa.

Tafsiri yake kwako wewe uliyelala kifudifudi ni hii. Kwenye kliniki ndogo ya mtaani, hanuiwon, mtu anayekaribia kukuzungusha mgongo huenda hajauona kwa picha. Kama una historia ya kuanguka, kama umri umekwenda, kama maumivu yana tabia ya ajabu, piga picha kwanza kwenye hospitali ya kawaida uende nayo. Kuna hospitali kubwa za tiba ya Kikorea zenye madaktari wa pande zote mbili chini ya paa moja, na hapo picha hupatikana palepale. Mimi sikulijua hilo. Niliingia kliniki ya kwanza niliyoiona, karibu na kituo cha basi.

Hanuisa alikuwa mama wa makamo mwenye viganja vya moto. Aliniuliza wapi panauma, akanilaza, akaipima miguu yangu kwa kuiweka sambamba, akasema nyonga yangu imepinda. Baadaye niligundua kwamba Korea nzima ina nyonga zilizopinda. Kila mwanafunzi mwenzangu aliyekwenda aliambiwa hivyohivyo, hata aliyekwenda kwa ajili ya bega. Usiogope ukiambiwa. Kulinganisha miguu kwa macho na kupapasa mifupa kwa vidole ni vipimo visivyotulia: wataalamu wawili wanaweza kumshika mgonjwa mmoja kwa zamu na wakatoa majibu mawili. Na watu wengi wasioumwa popote wana miguu isiyolingana kidogo.

Kisha akaweka mkono mmoja begani kwangu, mwingine nyongani, akaninong'oneza, "Him ppaeseyo." Achia nguvu. Hayo ndiyo maneno mawili ya Kikorea utakayoyasikia kuliko yote kwenye chuna, na kuyatii ni kazi, kwa sababu mwili ukihisi unataka kusokotwa unajikaza wenyewe. Nilipolegea tu, akasukuma. Mlio ukatoka. Nikacheka kwa hofu.

Mlio huo tuumalize hapa, maana ndio unaouza. Si mfupa unaorudi mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliangalia vidole vikivutwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, wakaona uwazi wa gesi ukijitokeza ndani ya majimaji ya kiungo pale pale mlio unapotoka. Ni ndugu wa ule mlio unaoutoa ukivunja vidole kabla ya kuanza kuandika. Unaweza kupata nafuu bila mlio, na unaweza kupata mlio bila nafuu.

Mwongozo bora kwa mgonjwa wa chuna niliupata mahali nisipopategemea: kwenye masharti ya bima. Tangu tarehe 8 Aprili 2019, bima ya taifa ya Korea Kusini inalipia chuna, na mwanafunzi wa kigeni naye yumo, kwani tangu Machi 2021 wanafunzi wa kigeni wanaingizwa kwenye bima hiyo kwa lazima. Chama cha madaktari wa upande wa kisasa kilipinga, kikisema ushahidi ni mwembamba. Serikali ikalipia, lakini kwa mkono wa birika. Ukienda kliniki ya kawaida kwa ugonjwa wa kawaida, unachangia asilimia 30 ya gharama. Kwa chuna unachangia 50. Na kama unafanyiwa ile iitwayo "ngumu", ya msukumo wa ghafla, bila kuwa na diski (mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza wala mfereji wa uti wa mgongo uliobanwa, masharti ya mwanzo yalikudai asilimia 80. Mgonjwa mmoja hapewi zaidi ya mara 20 kwa mwaka, na hanuisa mmoja hadai malipo ya zaidi ya wagonjwa 18 kwa siku.

Hebu zisome hizo namba taratibu, kama unavyosoma barua ya posa. Asilimia 50 badala ya 30 ni serikali ikisema: tunaikubali nusunusu. Asilimia 80 ni serikali ikisema: kwa hili, shauri yako na mfuko wako. Ukomo wa mara 20 unasema kwamba tiba isiyo na mwisho si tiba ya kulipiwa na umma. Na wale wagonjwa 18 kwa siku ni ukiri kwamba kazi ya mikono inachukua muda. Kliniki inayokupitisha kwa dakika 4 haikupi ulicholipia.

Kilichonifaa zaidi ni kwamba bima imeyagawa mambo ambayo kliniki huyaita kwa jina moja. "Nyepesi" ni kukanda misuli na tando zake na kukichezesha kiungo taratibu ndani ya mwendo wake wa kawaida. "Ngumu" ni ile ya msukumo wa ghafla, yenye mlio. Ya tatu ni ya pekee, kwa viungo vilivyoteguka. Hatari ya nyepesi na hatari ya ngumu hazifanani hata kidogo, na bei pia. Kwa hiyo kabla ya kulala uliza unafanyiwa ipi, na ukitoka angalia kwenye risiti imeandikwa ipi. Una haki ya kusema unataka nyepesi tu. Mimi ziara ya pili nilisema hivyo, kwa Kikorea kibovu na ishara za mikono, na yule mama hakununa. Alinikanda dakika 15 na niliondoka nimenyooka kuliko ile siku ya mlio.

Je, inasaidia? Kwa maumivu ya mgongo na shingo, ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2021 jarida la JAMA Network Open lilichapisha jaribio la wagonjwa 108 wa maumivu sugu ya shingo nchini Korea. Nusu walipata chuna kwa wiki 5, nusu wakapata dawa na tiba ya umeme kama kawaida. Waliopata chuna walipungukiwa na maumivu zaidi, na walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Ni jaribio la maana, lakini kila mgonjwa alijua yuko upande gani. Aliyeguswa, akaulizwa habari zake, akashikwa shingo na mtu anayejali, hawezi kulinganishwa sawasawa na aliyepewa kidonge. Kuna jambo jingine ambalo hakuna kliniki italiandika mlangoni: maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa, na hata diski iliyochomoza mara nyingi hurudi nyuma bila kisu. Ukianza tiba siku unayoumwa kuliko siku zote, siku zinazofuata zina nafasi kubwa ya kuwa nafuu, hata ungekuwa unapakwa maji ya kisima.

Kiuno changu kilipona wiki ya tano. Sijui nimshukuru nani.

Sasa shingo. Hapa ningependa msomaji asiruke mstari. Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na kipande kikapanda kichwani: kiharusi, tena kwa kijana. Ni nadra sana, na wakati mwingine mshipa ulikuwa umeshaanza kuchanika, na maumivu ya shingo yaliyompeleka mgonjwa kliniki ndiyo yalikuwa dalili yake. Hiyo ndiyo sababu maumivu mapya, makali, ya kisogo na shingo ambayo hujawahi kuyasikia maishani, hasa yakiambatana na kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito au uso kufa ganzi, yapelekwe hospitali na si kwenye kitanda cha chuna. Dalili hizo zikikuanza saa chache baada ya kuzungushwa, usisubiri kupambazuke. Binafsi shingo yangu sikuitoa. Mtu anaweza kuniambia nimezidisha woga, na kwa takwimu atakuwa sahihi, lakini faida ya msukumo wa shingo juu ya kukandwa taratibu sijaiona kiasi cha kuicheza hiyo bahati nasibu.

Kwa mgongo, walio na mifupa iliyodhoofika, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, waliowahi kuugua saratani, wote waseme kabla hawajaguswa. Watu wetu waongeze kifua kikuu, kwa sababu hukaa pia kwenye uti wa mgongo, na huko hakikohozi. Kinauma tu, miezi na miezi, usiku jasho, nguo zinaanza kupwaya. Korea Kusini yenyewe kwa miaka mingi iliongoza nchi za OECD, umoja wa nchi nyingi tajiri, kwa kifua kikuu, kwa hiyo hata huko si hadithi ya mbali. Mfupa uliolika na ugonjwa ukisukumwa unapasuka. Na ukifa ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au ukashindwa kuzuia mkojo au kuutoa, hiyo ni dharura ya upasuaji. Mikono ya mtu yeyote haihusiki.

Kuna pia vinavyokuja pembeni ya chuna bila kualikwa. Ukienda kwa ajili ya mikono utapewa sindano nyembamba za tiba, utaumikwa vikombe mgongoni (bibi zetu wa chuku wangejiona wako nyumbani), utaletewa habari za dawa ya majani ya kuchemsha, ambayo mara nyingi utalipa mwenyewe. Vingi havina shida. Kimoja uliza vizuri: sindano ya sumu ya nyuki. Mwaka 2018 huko Bucheon mwalimu wa shule ya msingi aliyekwenda kwa maumivu ya kiuno alipata mzio mkali baada ya kuchomwa sumu hiyo, akafariki. Kama kuna mdudu aliwahi kukuuma ukavimba uso, sema. Kama kliniki haina dawa ya kumwokoa mtu wa mzio palepale, kataa.

Mgeni pia hubabaishwa na majina, na majina kule ni sheria. Kwenye kliniki za mifupa za upande wa kisasa kuna dosu chiryo, tiba ya mikono inayofanywa na mtaalamu wa viungo kwa maagizo ya daktari. Mwili unaweza usione tofauti yake na chuna, lakini mfuko utaiona: kwa miaka mingi bima ya taifa haikuigusa, kila kliniki ikajipangia bei, na wenye bima binafsi ndio walioifurahia. Kairopraktiki haitambuliwi na sheria ya Korea kama taaluma, kwa hiyo "kituo cha kunyoosha mwili" chenye taa za neon hakina leseni ya tiba hata kama ukutani kuna cheti cha ng'ambo. Na kuchua kwa kawaida, anma, kisheria ni kazi ya watu wenye ulemavu wa macho peke yao. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba iliiondoa kinga hiyo. Wachuaji wasioona wakakusanyika kwenye daraja la Mapo jijini Seoul, baadhi yao wakajirusha mtoni Han. Bunge liliirudisha kinga mwaka huohuo, na mwaka 2008 mahakama ikaikubali. Vituo vya kuchua vinavyoendeshwa na wenye macho, hata hivyo, vimejaa kila mtaa. Ukiumizwa kwenye kituo cha namna hiyo, huna daktari wa kumshtaki.

Na mahali ambapo chuna hugeuka kuwa kuchuna kwa Kiswahili cha mjini, kile cha kuchuna buzi, ni kwenye ajali za barabarani. Bima ya magari hailipi kama bima ya taifa. Kwa kawaida mgonjwa hachangii kitu pale kliniki. Gari limegongwa kidogo nyuma, bampa limekwaruzika, mtu analazwa hospitali ya tiba ya Kikorea na kupewa chuna, sindano, vikombe na majani, vyote siku moja. Wakorea wana jina la mgonjwa huyo: "nairon hwanja", mgonjwa wa nailoni. Fedha zilizolipwa na bima za magari kwa tiba ya Kikorea zilizipita zile za hospitali za kisasa mwaka 2021, na tangu Januari 2023 mwenye majeraha madogo anayetaka kutibiwa zaidi ya wiki 4 anatakiwa kuleta cheti cha daktari. Buzi hapo ni kila mwenye gari anayelipa bima. Mwanafunzi wa Kiafrika aliyegongwa kweli akiwa kwenye pikipiki ya kupeleka chakula anafika mapokezi na kukuta jicho la mashaka limeshaandaliwa kabla hajajieleza.

Nimerudi nyumbani. Mama sasa ana miaka 71, amepungua kimo, na mwezi uliopita aliteleza kibarazani akakaa chini kwa kishindo. Mgongo ukaanza kumuuma. Akamwita bibi wa jirani anayemsinga kwa mafuta ya nazi, nikasema sawa, mafuta tu, asimkandamize mgongo kwa magoti. Akataka mimi nimfanyie ile ya Kikorea. Nikakataa, nikampeleka kupiga picha.

Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili tukisubiri jina liitwe. Akamgeukia mama aliyekaa karibu naye, akanionyesha kwa kidevu. "Huyu nimemsomesha mpaka Korea," akasema. "Tiba yao ya mgongo anaijua yote. Mimi mama yake hataki kunichuna."